Je, Wajua? Giligilani Kukimbilia Maua si Kosa la Mbegu

Je, wajua kwamba punje ya giligilani, au dania kama wasemavyo Wakenya, si mbegu moja bali ni tunda kavu lenye mbegu mbili? Ndiyo maana wengine huivingirishia chupa ipasuke kabla ya kuipanda. Mmea ukirefuka na kutoa maua kabla kachumbari haijaonja jani, anayelaumiwa ni muuza mbegu, na mara nyingi anaonewa. Ulaya, mchana mrefu wa kiangazi nao huchochea maua. Lakini Dar es Salaam urefu wa mchana haubadiliki hata kwa saa moja mwaka mzima, kwa hiyo ifikapo Januari washukiwa ni joto, kiu na mizizi iliyosumbuliwa. Mzizi mkuu hushuka wima kama wa karoti, ndugu yake, na haupendi kuhamishwa.

Basi panda moja kwa moja kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na udongo usikauke. Atasema mtu: si nikate tu shina la maua? Hapo umechelewa, majani yanayofuata huwa membamba kama nyuzi. Kivuli nacho huahirisha maua tu, hakiyazuii. Dawa ni kupanda kidogo kidogo, kila baada ya wiki mbili au tatu. Ule uliokwisha kuchanua usiung'oe: punje zake zikikauka, nyingine utasaga za mchuzi, nyingine utapanda.