Kutoka Mferejini Hadi Sokoni: Nguvu ya Kuungana Kuzunguka Mlima Meru

Siku za soko Tengeru, Jumatano na Jumamosi, bei ya nyanya huanza kupangwa mapema kabla jua halijawa kali. Malori ya Fuso yamejipanga kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, matenga yanateremshwa, na dalali anapita katikati akibonyeza nyanya kwa kidole gumba. Mkulima aliyetoka Mbuguni au Ngarenanyuki na matenga yake machache hana muda wa kubishana. Nyanya zimeiva. Zikilala leo, kesho zitakuwa zimelainika, na dalali anajua. Tenga lenyewe limejazwa mpaka likafura juu, ile lumbesa ambayo Wakala wa Vipimo umeipiga vita miaka nenda miaka rudi, lakini litalipwa bei ya tenga moja.

Mkulima huyo hakosi ardhi nzuri, na wala si mvivu. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, umempa udongo wa volkano na vijito vinavyoteremka kutoka msituni. Mji wa Arusha, wenye mahoteli, vyuo na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, uko karibu kiasi kwamba mzigo unafika kwa daladala. Anachokosa ni wenzake wa kusimama naye pale mbele ya Fuso. Mwenye matenga matano anapokea bei aliyotajiwa, lakini watu mia moja wenye matenga mia tano, wanaojua bei ya soko la Kilombero mjini Arusha na ya Nairobi asubuhi hiyo hiyo, wanaitaja wao.

Jambo hilo si geni mlimani hapa. Kwa karne moja na zaidi, uchumi wa Meru umepanda na kushuka kufuatana na namna watu wake walivyofungamana.

Mfano wa zamani kuliko yote ni mfereji. Wameru na Waarusha walichimba mifereji ya kuteremsha maji mashambani muda mrefu kabla ya serikali yoyote ya kikoloni. Mfereji una wenyewe, una msimamizi, una siku za kufyeka na kuzibua, na asiyetokea kazini hutozwa faini au hukosa zamu yake. Watu wanaopokezana maji usiku wa manane wanalazimika kuaminiana, kwa sababu hakuna karani wa kuwaandikia. Kwenye mto Nduruma ukoo huo wa mifereji umekutana na dunia mpya kabisa: juu wako wakulima wadogo wa migomba na mboga, katikati yako mashamba makubwa yanayouza maua na mboga Ulaya, na chini tambarare viko vijiji vinavyosubiri kilichobaki. Kiangazi kikikolea, kamati za chini hupanda mlima kuomba maji kwa kamati za juu. Mashamba makubwa nayo yamelazimika kukaa kikao na wanavijiji na kukubaliana zamu, kwa kuwa mwenye mtaji mkubwa hawezi kuweka mlinzi kwenye kila tundu la mfereji.

Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanza kazi mwaka 1991, hutoa vibali na kuhimiza jumuiya za watumia maji zinazounganisha mifereji ya mto mmoja. Kibali ni karatasi muhimu. Lakini kinachofanya maji yafike chini ni yale makubaliano ya watu wanaofahamiana kwa majina, na jumuiya zinazopuuza kamati za zamani hujikuta zina mhuri bila maji.

Kahawa ilipokuja, desturi hiyo ya kupangiana zamu ilipata kazi nyingine. Jirani Kilimanjaro, wakulima walianzisha Kilimanjaro Native Planters' Association mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa muungano wa vyama vya msingi uliojulikana kwa herufi zake, KNCU. Upande wa Meru, watu walikuwa wamebanwa: tangu enzi za Wajerumani mashamba ya walowezi yalikuwa yameuzunguka mlima kwa chini, msitu wa hifadhi ukiwa juu, na wenyeji wamebaki katikati. Walowezi wenyewe hawakudharau umoja. Mwaka 1935 walikuwa na chama chao cha wakulima, Tanganyika Farmers Association, cha kununua pembejeo na kuuza mazao kwa pamoja, ambacho jina lake bado linasikika Arusha kila mtu anaposema anakwenda TFA, kwenye maduka.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu takriban watu 3,000 wa Engare Nanyuki, yaani Ngarenanyuki ya leo, kwenye mashamba namba 31 na 328, ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru, kupitia chama cha Meru Citizens Union, walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alifika Umoja wa Mataifa New York kueleza madai yao. Azimio la kutaka warudishiwe ardhi halikupata theluthi mbili za kura kwenye Baraza Kuu. Hata hivyo wanakijiji wa mlima mmoja walikuwa wamelifikisha shauri lao mahali ambapo hakuna Mtanganyika aliyekuwa amefika kulalamika kwa mdomo wake mwenyewe, na nauli ilitoka mifukoni mwao. Historia ya siasa inalikumbuka tukio hili kama kichocheo cha harakati za uhuru. Historia ya uchumi ingepaswa kulikumbuka pia, kwa sababu linaonyesha kuwa watu wenye chama, daftari la michango na uongozi waliouchagua wanaweza kufanya kazi ambayo hakuna tajiri mmoja wa kijiji angeiweza.

Kisha ukaja mwaka 1976. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kukabidhi kazi zao kwa mamlaka za mazao. Sababu zilizotajwa, pamoja na ubadhirifu kwenye vyama, hazikuwa za uongo zote. Tatizo ni kwamba pamoja na makosa, yalifutwa pia mazoea ya mkulima kumuuliza kiongozi wake hesabu. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, lakini kilichorudi kilikuwa na majengo, magari na madeni mengi kuliko wanachama. Soko la kahawa lilipofunguliwa msimu wa 1994/95, wanunuzi binafsi walifika hadi mlangoni na fedha taslimu mkononi, na vyama vingi havikuwa na cha kuwaambia wakulima wao.

Waliosimama tena walisimama kwa kuanzia chini. Kilimanjaro, miaka ya 2000, baadhi ya vyama vya msingi vilijitoa kwenye muungano mkubwa, KNCU, vikaunda kundi lililoitwa G32, vikapeleka kahawa yao mnadani Moshi vyenyewe na kugawana gharama za kukoboa na kusafirisha. Huko Morogoro, mwaka 1993, wakulima kutoka mikoa mbalimbali walikuwa wameanzisha MVIWATA, Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, kwa kauli kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Tawi lake la Arusha hukutanisha vikundi vya mboga, mahindi na mifugo kwa mafunzo, kuweka akiba na kujadili bei. Mwaka 2018 serikali ilielekeza kahawa ya wakulima wadogo ikusanywe kupitia vyama vya ushirika wa mazao na masoko, yaani AMCOS. Agizo hilo limevipa vyama mzigo wa kuuza. Kuvipa imani ya wanachama ni kazi ambayo agizo haliwezi kuifanya.

Maziwa yana hadithi yenye matumaini zaidi, na wenye hadithi hiyo ni wanawake. Katika kijiji cha Nronga, Machame, wanawake walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988. Katika nyumba nyingi za mlimani fedha ya kahawa ilikuwa ya baba, lakini maziwa yalikuwa mikononi mwa mama, na kwa kuyakusanya kwenye kituo kimoja kila asubuhi waliyageuza kuwa kipato cha mwezi. Arumeru, upande wa Meru, ilipata msukumo kama huo kupitia mradi wa shirika la Heifer, ule wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba, ndama jike wa kwanza unampa jirani. Uzuri wake ni kwamba kila anayepokea anakuwa na sababu ya kuhakikisha ng'ombe wa mwenzake hafi. Elimu ya majani, ya zizi na ya chanjo husambaa yenyewe.

Mulala, kijiji kilicho juu mlimani kilomita kama 30 kutoka mjini, kikundi cha wanawake cha Agape kilipiga hatua nyingine. Badala ya kuteremsha maziwa mabichi kwenye barabara mbovu wakati wa masika, walijifunza kutengeneza jibini, ambayo ni nyepesi kubeba na haiharibiki njiani. Wakaingia pia kwenye mpango wa utalii wa kitamaduni ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1990 na Bodi ya Utalii Tanzania kwa kushirikiana na shirika la Uholanzi la SNV. Ng'iresi, Ilkiding'a na Mkuru ni miongoni mwa vijiji vya kuzunguka Meru vilivyomo. Mgeni aliyelipia safari ya kutwa anatembezwa na kijana wa kijiji, anakula chakula kilichopikwa na akina mama, na sehemu ya ada inakwenda kwenye shule au mradi wa kijiji. Hizi si fedha za Serengeti. Lakini zinabaki pale zilipolipwa, jambo ambalo sehemu kubwa ya fedha ya utalii inayopita Arusha haifanyi.

Mtandao mwingine hauonekani kirahisi kwa sababu umo ndani ya mbegu. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilifungua ofisi Tengeru mwaka 1992, jirani na kituo cha taifa cha utafiti wa kilimo cha bustani. Mwaka 1997 zikatolewa aina mbili za nyanya ambazo wakulima walizipokea kwa mikono miwili: Tanya na Tengeru 97. Ganda lake ni gumu, hazipondeki upesi kwenye tenga, na hukaa siku kadhaa zaidi kabla ya kuharibika. Kwa mkulima wa Ngarenanyuki siku hizo ndizo zinazompa nafasi ya kumkatalia dalali wa kwanza na kumsubiri wa pili. Kituo hicho cha kimataifa pia kimezipa heshima mboga ambazo zilikuwa zikidharauliwa mjini: mnavu, ngogwe, mchicha, loshuu. Vikundi vya wakulima vinaruhusiwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa, zikakaguliwa na kuuzwa ndani ya eneo lao, hivyo kikundi kinaweza kuwa mzalishaji wa mbegu badala ya mnunuzi wa pakiti tu.

Masoko ya mbali yanadai umoja wa aina nyingine. TAHA, chama cha sekta ya kilimo cha bustani kilichoanzishwa mwaka 2004 na chenye makao yake Arusha, kimefanya kazi kubwa ya kuunganisha mashamba makubwa na wakulima wadogo wa maharage machanga na mboga nyingine, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya anataka kujua dawa gani ilipuliziwa na lini. Mzigo mwingi umekuwa ukipandishwa ndege Nairobi. Barabara ya Arusha–Namanga imeboreshwa, na kituo cha pamoja cha forodha Namanga kilizinduliwa Desemba 2018, lakini barabara nzuri haimsaidii asiye na karatasi. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye kuyaruhusu kwa masharti ya usajili na cheti cha usalama, mfanyabiashara mkubwa alipata njia. Mkulima wa magunia kumi, peke yake, hawezi kwenda maabara.

Mjini Arusha kwenyewe umoja upo tele, ila umegawanyika vipande vipande. Karibu kila mtaa una kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Kikao cha wiki kinafunguliwa kwa sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, na hakuna shilingi inayotoka bila wote kuwepo. Fedha inayozunguka kwenye masanduku hayo ni ya wachuuzi wa Kilombero, mafundi cherehani na walimu, na sehemu yake hutoka na kurudi vijijini kama ada, mbolea au ng'ombe. Kuna pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na upotevu, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mikopo hiyo bado inatolewa kwa kikundi kimoja kimoja, kila kikundi na mashine yake ndogo, na matokeo yake ni vikundi kumi vya sabuni vinavyogombea duka lile lile. Ingekuwa bora zaidi vikundi vitano vya kata jirani vikikopa pamoja chumba kimoja cha ubaridi.

Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, na baadaye uwanja wa watazamaji 30,000 ukaanza kujengwa Olmoti, Arusha. Mahoteli yatataka mboga, mayai, maziwa na ndizi kila alfajiri, kwa kiasi kile kile na kwa risiti. Hakuna kikundi kimoja cha Akheri au Poli, kata za Meru, kinachoweza kuahidi hivyo kwa mwezi mzima. Vikundi vya Akheri, Nkoaranga, Poli na Kikwe vikiweka mazao yao pamoja vinaweza. Mahitaji yake si makubwa: karani mmoja anayelipwa na wanachama, mizani yenye mhuri wa Wakala wa Vipimo, kreti za plastiki badala ya matenga, simu inayopokewa saa kumi usiku, na kituo cha kukusanyia Tengeru, ambako barabara kuu, watafiti na soko vimekutana tayari.