Vijumba vya Maboksi Mezani: Namna Mtaa Unavyoweza Kuyapitia Mafuriko Kabla Hayajafika

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa ya mvua, taarifa hiyo hufika katika simu na redio za wakazi kwa muda mfupi. Kinachochelewa ni majibu ya maswali ya mtaani: familia za bondeni ziondoke saa ngapi, zipite njia ipi, nani ambebe mzee asiyeweza kutembea, na ufunguo wa shule itakayozipokea familia hizo umeshikwa na nani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya Taifa hadi kijiji na mtaa. Maswali hayo ni ya kamati hizo, na mengi kati yake hayajibiki kwa kusoma mpango uliohifadhiwa katika jalada.

Njia mojawapo ya kuyajibu mapema ni zoezi la mezani. Wajumbe na wakazi huizunguka meza yenye mfano mdogo wa mtaa wao, uliojengwa kwa maboksi, mchanga na gundi, kisha huyapitia mafuriko saa kwa saa. Ramani ya karatasi ingeweza kutumika, lakini si kila mkazi amezoea kuisoma. Kijumba chenye paa la bati jekundu kando ya mwembe hakihitaji kusomwa. Mwenye nyumba hiyo ataitambua mara moja, na ataanza kusahihisha.

Chimbuko la zoezi hili ni jeshini. Mwaka 1812 ofisa mmoja wa Prussia, Georg Leopold von Reisswitz, alimtengenezea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya mchezo wa vita iliyokuwa na vipande vya mandhari vinavyopangwa na kupanguliwa: mito, barabara, vilima na vijiji. Mwaka 1824 mwanawe alichapisha kanuni za mchezo huo kwa ajili ya mafunzo ya maofisa, akitumia ramani za karatasi, dadu na mwamuzi. Baadaye mchezo uliingia majumbani. Mwandishi H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni zake, Little Wars, mwaka 1913 nchini Uingereza, na uwanja wake wa vita ulikuwa sakafu iliyopangwa matofali ya mbao ya kuchezea na vitawi vya vichaka. Tangu hapo wapenzi wa michezo hiyo wamebuni mbinu nyingi za kujenga vijiji vizima kwa vitu vya kutupwa. Mbinu zao ndizo zinazoelezwa hapa. Vita vyao vinaweza kubaki huko.

Skeli kwanza, mkasi baadaye

Kosa linalopoteza muda mwingi ni kuanza kukata kabla ya kukubaliana kuhusu skeli. Wachezaji wengi wa Ulaya hutumia wanasesere wenye kimo cha milimita 28 hivi, kwa kuwa hupenda kuwapaka rangi hadi nyusi. Kwa ukubwa huo, mtaa wenye urefu wa mita 500 ungehitaji meza ya karibu mita 9. Kwa kazi ya kamati, skeli ya 1:200 inafaa zaidi. Mtaa wa mita 500 kwa 300 unaenea katika ubao wa mita 2.5 kwa 1.5, na nyumba ya mita 8 inakuwa kijumba cha sentimita 4. Mtu mzima ana kimo cha milimita 8 au 9, na punje ya mahindi iliyosimamishwa kwa gundi inamwakilisha vizuri.

Ardhi hujengwa kwa matabaka ya karatasi ngumu ya maboksi, moja juu ya jingine, kila moja likikatwa kufuata umbo la mwinuko. Karatasi ya boksi la kawaida la dukani ina unene wa takribani milimita 4. Kwa skeli ya 1:200, unene huo ni sentimita 80 za ardhi halisi. Kwa maneno mengine, kila tabaka moja mezani ni maji ya kiunoni. Yeyote atakayeona kwamba kati ya kijumba chake na mto kuna tabaka moja tu hatahitaji maelezo marefu.

Vipimo vya mwinuko si lazima vitoke kwa mpimaji. Mpira mwembamba wenye maji, ule ambao mafundi uashi huutumia kupima levo, unatosha kulinganisha sehemu moja na nyingine. Ushahidi bora zaidi umo ukutani: alama ya tope iliyoachwa na mafuriko yaliyopita. Zipimwe alama katika nyumba nyingi kadiri inavyowezekana, kwa sababu mto una mteremko na maji hayasimami kwa usawa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa mtaa. Wazee waulizwe pia kuhusu mikondo ya zamani iliyofukiwa. Aidha, vilima visisahauliwe. Huko Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilivyowaangamiza watu vilishuka kutoka mlimani. Kamati inayotazama mto peke yake imetazama nusu ya meza.

Kuta, mabati na nyasi

Vifaa vinapatikana karibu na kila duka: maboksi ya sabuni na biskuti, kisu chembamba au wembe, rula ya chuma, penseli, gundi na rangi. Gundi ya unga wa ngano hupikwa kwa kikombe 1 cha unga na vikombe 4 vya maji, ikikorogwa motoni hadi iwe uji mzito usio na madonge. Inafaa kwa kushikanisha matabaka ya ardhi. Kwa kuta, gundi nyeupe ya maseremala ina nguvu zaidi, na kwa kuwa inatumika kidogo kidogo, chupa moja hudumu. Kukata kwa wembe kuachiwe watu wazima. Watoto wapewe kupaka rangi na kupanga miti, kazi ambayo mara nyingi huifanya vizuri kuliko wakubwa wao.

Kuta hukatwa kwa karatasi nyembamba, kama ya boksi la dawa ya meno. Ukuta wa matope hupatikana kwa kupaka gundi nyeupe na kunyunyizia mchanga uliochekechwa au vumbi la mbao kabla haijakauka. Rangi si lazima inunuliwe: udongo mwekundu uliochanganywa na gundi na maji hutoa rangi ya udongo wa mahali penyewe, ambayo dukani haipatikani.

Paa la bati ndilo linalowafurahisha wajenzi wapya. Kipande cha karatasi ya boksi hulowanishwa kidogo upande mmoja, kisha ngozi yake ya juu hubanduliwa polepole. Chini yake kuna migongo na mifereji iliyojipanga kama bati, na ikipakwa rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu, mtu akiwa hatua mbili mbali hatatambua kwamba ni karatasi. Migongo hiyo ni mikubwa mno kwa skeli ya 1:200, lakini jicho husamehe. Paa la nyasi hutengenezwa kwa nyuzi za katani zilizokatwa fupi na kubandikwa kuanzia chini kwenda juu, kama waezekaji wanavyofanya. Dodoki lililokatwa vipande na kupakwa kijani huwa mti. Vijiti vya mishikaki huwa nguzo za daraja.

Adui wa kazi hii ni unyevu. Karatasi ikipakwa gundi au rangi upande mmoja hujikunja inapokauka. Dawa yake ni kupaka pande zote mbili, kubandika matabaka ili mifereji ya moja ikatane na ya jingine, na kukandamiza kwa matofali usiku mzima. Gundi ya unga pia huvutia mende na panya, kwa hiyo ubao uliokamilika usiwekwe sakafuni.

Vijumba vyote si lazima viwe na madirisha. Vinavyostahili uangalifu ni vile ambavyo uamuzi utavitegemea: shule, zahanati, msikiti, kanisa, ofisi ya mtendaji, kisima, daraja, kalavati. Vingine vinaweza kuwa vipande vya mbao vilivyopakwa rangi, mradi vimekaa mahali pake na idadi yake ni sahihi.

Zoezi lenyewe

Mwongozaji mmoja huendesha zoezi, na kila duru huwakilisha nusu saa. Karatasi za bluu, zilizokatwa kwa umbo la kila tabaka, huongezwa moja baada ya nyingine kadiri maji yanavyopanda. Wajumbe huhamisha punje za mahindi kwa idadi ya watu halisi wa kila nyumba, huku punje za maharage zikiwakilisha wagonjwa, walemavu na wazee wanaohitaji kubebwa. Kila uhamisho una masharti: nani anakwenda, kwa njia ipi, kwa dakika ngapi. Dadu hurushwa pale ambapo hakuna awezaye kuwa na uhakika, kwa mfano kama kalavati litahimili au pikipiki itawaka.

Kanuni moja ya mwaka 1824 ina thamani kubwa hapa: mwamuzi alikuwa akimweleza kila mchezaji yale tu ambayo angeyajua akiwa vitani. Vivyo hivyo, mjumbe wa bondeni asielezwe kwamba daraja limekatika hadi mtu afike darajani au simu ipigwe. Na kama mwongozaji ametangaza kwamba mtandao umepotea, simu haipigwi. Hapo ndipo mpango uliokuwa mzuri kwenye karatasi huanza kuvuja. Itaonekana kwamba shule iliyoteuliwa iko ng'ambo ya kijito, au kwamba mwenye ufunguo anaishi kata nyingine. Aibu ya kugundua hayo mezani ni ndogo, na katibu anapaswa kuyaandika yote bila kumtafuta wa kulaumiwa.

Mfano husaidia pia wale ambao katika mikutano hukaa nyuma. Mwaka 2006 jamii ya Waogiek ilikusanyika Nessuit, katika eneo la Nakuru nchini Kenya, ikajenga mfano wa ardhi yake katika msitu wa Mau kwa skeli ya 1:10,000, na kumbukumbu za wazee ndizo zilizojaza majina na mipaka. Mtaani, mama anayeteka maji kila alfajiri anajua njia inayoteleza kuliko mjumbe apitaye kwa gari. Apewe nafasi mezani, si kiti cha ukutani.

Mfano uliokamilika uhifadhiwe mahali pakavu na palipoinuka, ukifunikwa kwa nailoni, na urekebishwe kabla ya vuli na kabla ya masika: nyumba mpya ziongezwe, zilizobomoka ziondolewe, na alama mpya za maji zihamishiwe kwenye ubao. Mitaa na vijiji vinavyotaka kuanza viwasiliane na Mtendaji wa Kata au Afisa Maendeleo ya Jamii, vikiwa tayari na orodha ya kaya za bondeni na idadi ya watu katika kila kaya.