Ukoo wa Mwanzi Watafutwa Katika Vumbi la Maua

Ndugu msomaji, ukisimama mjini Moshi asubuhi, mawingu yakiwa hayajaufunika mlima, utauona msitu mweusi ulio juu ya migomba na mibuni. Katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ndani ya msitu wa namna hiyo mna ukanda mpana wa mianzi. Lakini katika Kilimanjaro, upande huu wa kusini unaotutazama sisi, ukanda huo haupo. Mianzi michache imeota upande wa kaskazini tu.

Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alitoa maelezo yake mwaka 2006. Alisema kuwa mianzi hupata nafasi pale ambapo tembo na nyati huuvunjavunja msitu. Kaskazini wanyama hao wapo, lakini mvua ni haba. Kusini mvua ni tele, lakini wanyama wamezuiwa na makorongo na mashamba ya binadamu, ambaye amelima huko kwa miaka isiyopungua 2,000.

Je, zamani za kale mianzi ilikuwapo? Hapa ndipo chavua inapoitwa kutoa ushahidi.

Chavua ni nini?

Chavua ni ule unga wa ua la kiume, kama unaodondoka kwenye mbelewele za mahindi. Ganda la kila chembe ni gumu ajabu: likizama katika tope la kinamasi hudumu maelfu ya miaka. Karibu na kituo cha Mandara, katika njia ya Marangu, iko kasoko ya Maundi. Wataalamu walichimba tope lake, wakaliyeyusha kwa tindikali, wakazihesabu chembe kwa hadubini. Mwaka 2012 walitangaza historia ya mimea ya huko kwa muda wa miaka ipatayo 90,000.

Lakini mwanzi ni jamii ya nyasi, na chavua za nyasi hufanana mno. Karibu zote ni mviringo, zenye tundu moja lililozungukwa na pete. Chembe ya mahindi hujitambulisha kwa ukubwa wake, kwani hukaribia sehemu moja ya kumi ya milimita. Za mianzi na nyasi nyingi za porini ni ndogo zaidi. Kwa hiyo, wingi wa chavua za nyasi katika tope si uthibitisho kwamba mwanzi ulikuwapo.

Wataalamu hutumia hadubini ya elektroni kupima tundu, pete na vijinundu vya ganda. Hata hivyo, vipimo vya ndugu wa karibu mara nyingi huingiliana. Aidha, aina nyingi za mianzi hukaa miongo mingi bila kutoa ua, na pasipo ua hapana chavua.

Kwa sababu hiyo shahidi mmoja hatoshi. Mwanzi wetu wa milimani ulipewa jina la Arundinaria alpina mwishoni mwa karne ya 19, kisha ukahamishiwa ukoo wa Yushania wa Asia. Mwaka 2013 mtaalamu Chris Stapleton, akitegemea umbo la mmea pamoja na ushahidi wa chembe za urithi, aliuundia ukoo wake wenyewe, Oldeania, kwa jina la Mlima Oldeani, ulio huku huku Tanzania.

Faida kwa mwananchi

Usidhani, ndugu msomaji, kuwa haya ni mabishano ya wasomi tu. Mwanzi wa milimani una uwazi ndani, nao hupenda baridi ya zaidi ya mita 2,000. Mwanzi wa ulanzi, unaojulikana sana Iringa, ni wa ukoo mwingine, na fito zake mara nyingi zimejaa. Anayetaka kupanda mianzi Moshi mjini, chini ya mita 1,000, akiletewa miche ya milimani kwa kuwa tu inaitwa mianzi, atapoteza jasho lake bure.

Basi kabla ya kununua miche, uliza: ni mwanzi wa ukoo gani, na umetoka wapi? Na watoto wakirudi shambani na vumbi la mahindi nguoni, waambieni kwamba vumbi kama hilo ndilo linalotunza kumbukumbu za mlima wetu.