Je, Wajua Kinachokizuia Kisu cha Kitufe Kisifunguke?

Mtu akisikia habari za kisu cha mfukoni kinachofunguka chenyewe kwa kubonyeza kitufe, la kwanza analouliza ni kasi yake. Kumbe kasi ndilo jambo jepesi kuliko yote. Springi yoyote yenye nguvu hulitoa bapa nje kwa kufumba na kufumbua, na mafundi wa Ulaya waliliweza hilo tangu karne ya 18. Kazi ngumu ni kuifanya springi hiyo itulie mfukoni kutwa nzima, na bapa likishatoka, lisirudi kumkata vidole mwenye kisu.

Nchini Marekani, kisu hiki kilipata umaarufu kwa kazi ya George Schrade, mvumbuzi aliyesajili hataza ya kisu cha kubonyeza mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1904 yeye na ndugu zake walianzisha kiwanda chao katika mji wa Walden, jimbo la New York. Wateja wake walikuwa watu wa kawaida wenye kazi za kawaida: wakulima, wafanyakazi wa bohari, watu wa kukata kamba na kuchonga vijiti. Walikitaka kwa sababu moja tu, kwamba mkono mmoja ukiwa na shughuli, mwingine unaweza kufungua kisu bila msaada. Kisu cha kukunja cha kawaida kinadai mikono miwili na ukucha usiokatika.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyokifikisha jeshini. Marubani wa Jeshi la Anga la Marekani walipewa kisu kiitwacho MC-1, chenye mpini wa rangi ya machungwa inayoonekana haraka kikidondoka. Upande mmoja lilikuwapo bapa la kitufe. Upande wa pili kulabu yenye makali kwa ndani, ya kukatia kamba za parachuti. Mfikirie rubani aliyenasa juu ya mti, mkono mmoja umeshika tawi. Hana nafasi ya kufungua bapa kwa ukucha.

Sasa tuingie ndani. Kisu cha kitufe cha kawaida hufungukia ubavuni, sawa na kisu chochote cha kukunja. Bapa lina msuka, yaani ile sehemu yake inayoingia kwenye mpini, na msuka huo umetobolewa ukapitishwa pini ambayo bapa huizunguka. Springi imeviringishwa kuizunguka pini: ncha moja imeshikiliwa na mpini, nyingine na bapa. Kisu kikifungwa, springi hukazika na kukaa ikilisukuma bapa litoke, mchana na usiku. Ni mtego wa panya uliokwisha kutegwa, umeuweka mfukoni, na kinachouzuia ni kitufe peke yake.

Ukikitoa kitufe hicho ukakitazama, utaona ni kipande cha chuma cha mviringo, chenye upana wa milimita chache, kilichochongwa shingo. Sehemu nene hukaa ndani ya pengo lililokatwa kwenye msuka, na bapa haliwezi kusogea. Ukibonyeza, shingo nyembamba inafika usawa wa pengo, njia inafunguka na bapa linaruka. Linapogonga pini ya kikomo, springi ndogo iliyo chini ya kitufe inakirudisha juu, ile sehemu nene inaingia kwenye pengo la pili, na kisu kimejikomea kikiwa wazi. Kipande kimoja kinazuia, kinaachia, kisha kinakomea.

Hapa ndipo kisu kizuri kinapoachana na kisu cha hovyo. Pengo likibana mno, kitufe kinakwama. Likilegea kwa unene wa karatasi tu, bapa linacheza. Mtengenezaji makini hulikata pengo kwa mshazari kidogo, ili chuma kikilika kwa miaka ya matumizi, kitufe kipande zaidi na kuendelea kubana. Jaribio lake halihitaji utaalamu: fungua kisu, shika bapa karibu na ncha kwa vidole viwili upande wa mgongo, ulitikise juu na chini. Likipiga kelele ya kugongana ndani, rudisha kisu kabatini kwa muuzaji.

Nguvu ya springi nayo inataka kipimo. Ikiwa hafifu, bapa huishia njiani, na bapa lililoishia njiani halijakomewa, hivyo linaweza kukukunjikia vidoleni. Ikizidi, kisu kinaruka kiganjani na pini ya kikomo inapigwa mpaka ilegee. Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo matangazo ya biashara hayaligusi, nalo ni kufunga. Kukifunga unabonyeza kitufe kwa dole gumba huku ukilisukuma bapa kwa mgongo wake kushindana na springi hadi usikie mlio wa kukomea. Kisu ambacho huwezi kukifunga kwa mkono uleule uliokifungua kimepoteza nusu ya sababu ya kuwepo kwake. Mimi kisu cha namna hiyo singekinunua, hata kingekuwa cha bei gani.

Kitufe chenyewe kinatakiwa kizame usawa wa mpini au chini yake kidogo, kisibonyezwe na funguo au sarafu zilizomo mfukoni. Visu vingi huongezwa komeo la usalama, kidude cha kuteleza chenye alama nyekundu. Wapo wanaolikataa wakisema humchelewesha mtumiaji. Naona wanakosea kwa kisu cha kila siku, maana bapa likifunguka ndani ya suruali linajeruhi paja, na ndani ya paja mna mishipa mikubwa ya damu.

Kuna aina ya pili, ambayo bapa lake hutoka mbele na kurudi ndani kwa kusukuma kidude kilekile. Humo springi hukazika pale tu dole gumba linaposukuma, kisha hupumzika. Ni ufundi wa kupendeza, lakini bapa lazima liachiwe nafasi ya kuteleza, kwa hiyo hucheza kidogo hata kwenye visu ghali, na ule mdomo wa mbele huingiza mchanga na nyuzi za nguo. Kwa kukata katoni na kamba kila siku, cha ubavuni kinatosha na kinazidi.

Baada ya mitambo yote hiyo, kisu ni makali. Bapa la sentimita 8 hivi linamaliza kazi nyingi, na unene wa milimita 3 unakata vizuri kuliko 4, ingawa wauzaji hupenda kusifia unene. Chuma kinachotumika mara nyingi kwa visu vya Marekani ni 154CM, chenye kaboni kama asilimia 1 na kromiamu asilimia 14; kaboni inatunza makali, kromiamu inachelewesha kutu. Anayeishi pwani, penye hewa ya chumvi, aifikirie zaidi hiyo kromiamu, na kisu akifute kikauke kila jioni. Chuma cha D2 kina kromiamu karibu asilimia 12, lakini sehemu kubwa yake imefungamana na kaboni, ndiyo maana kinashika kutu upesi zaidi.

Sheria zimekiandama kisu hiki kwa muda mrefu. Marekani ilipiga marufuku biashara yake kati ya majimbo mwaka 1958, miaka ambayo filamu zilikuwa zimekifanya alama ya vijana wahuni. Hata hivyo sheria hiyo iliacha mlango kwa mtu mwenye mkono mmoja, mradi bapa lisizidi inchi 3. Uingereza ilizuia kukitengeneza na kukiuza mwaka 1959, na tangu 2021 hata kukiweka nyumbani ni kosa. Kwa hiyo ndugu yangu uliye London au Leicester, usikiguse kabisa. Uliye kwingineko, ulizia sheria ya hapo ulipo kabla hujatoa pesa, kisha mwambie muuzaji akuache ukifunge kisu kwa mkono mmoja mbele yake.