Namba 811 (Marekani)

811 ni namba ya simu inayotumika nchini Marekani na mtu yeyote anayetaka kuchimba ardhi, ili aonyeshwe kwanza mahali yalipofukiwa mabomba ya gesi, mafuta na maji pamoja na nyaya za umeme na mawasiliano. Huduma hiyo ni ya bure. Inawahusu wakandarasi wenye mashine kubwa na vilevile mwenye nyumba anayechimba shimo la nguzo ya uzio au la kupandia mti, kwa kuwa baadhi ya nyaya haziko chini sana.

== Historia ==
Tarehe 10 Juni 1999 bomba la petroli lilipasuka mjini Bellingham, jimbo la Washington. Petroli ilimwagika katika kijito kinachopita mjini, ikawaka moto, na watu 3 wakafa, wawili kati yao wakiwa watoto wa miaka 10. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba bomba lilikwaruzwa na mashine ya kuchimbia mwaka 1994, wakati wa ujenzi kwenye mtambo wa kusafisha maji. Yalikuwepo makosa mengine pia katika uendeshaji wa bomba, lakini lilipasukia pale pale palipokwaruzwa.

Mwaka 2002 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usalama wa mabomba iliyodai iwepo namba moja ya tarakimu tatu kwa nchi nzima. Kabla ya hapo vituo vya majimbo vilikuwa na namba ndefu zilizotofautiana. Namba 811 ilichaguliwa mwaka 2005 ikaanza kutumika kote mwaka 2007. Tarehe 11 Agosti, ambayo Wamarekani huiandika 8/11, hutumika kuwakumbusha watu namba hiyo.

== Utaratibu ==
Mchimbaji hupiga simu siku chache za kazi kabla ya kuanza. Idadi yake hutegemea sheria ya jimbo. Kituo chenyewe hakitumi mafundi. Kazi yake ni kuzijulisha kampuni zenye mabomba au nyaya katika eneo lililotajwa, nazo hutuma wapimaji.

Mpimaji hupitisha mkondo dhaifu wa umeme katika waya au bomba la chuma, kisha hufuata uga wa sumaku unaotokea kwa kifaa cha mkononi. Bomba la plastiki halipitishi umeme, kwa hiyo mara nyingi hufukiwa pamoja na waya mwembamba wa shaba kwa ajili hiyo tu. Usipokuwepo, au ukiwa umekatika, kazi huwa ngumu.

Alama huwekwa kwa rangi ya kupuliza au vibendera. Nyekundu ni umeme, njano ni gesi na mafuta, chungwa ni mawasiliano, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni maji taka. Zambarau ni maji yaliyosafishwa kwa matumizi mengine kama umwagiliaji. Nyeupe huwekwa na mchimbaji mwenyewe kuonyesha anapotaka kuchimba.

Alama haisemi kina. Tena si sahihi kabisa, na ndiyo maana katika majimbo mengi sentimita 45 hadi 60 kila upande wake huchimbwa kwa uangalifu, kwa mfano kwa koleo badala ya mashine. Nyaya na mabomba ya mwenye nyumba mwenyewe, kama waya unaotoka nyumbani kwenda banda la nyuma, kwa kawaida hayawekewi alama. Hilo huwashangaza wengi.

== Nchi nyingine ==
Nchini Uholanzi, tangu mwaka 2008 sheria humlazimu anayechimba kwa mashine kuomba kwanza ramani za mabomba na nyaya kutoka ofisi ya Kadaster. Nchini Ubelgiji, tarehe 30 Julai 2004, bomba la gesi lililipuka Ghislenghien na kuua watu 24. Nalo lilikuwa limeharibiwa na mashine ya ujenzi, lakini halikupasuka siku hiyo hiyo: lilipasuka baadaye, shinikizo la gesi lilipoongezwa.