Utani wa makabila na msiba usiouliza dini

MSIBA unapotokea Tabata, iwe Kimanga au Segerea, majirani hufika na majamvi, masufuria na daftari la rambirambi kabla hawajauliza kama marehemu atasaliwa msikitini au kanisani. Nyuma ya desturi hii uko utani wa makabila, ambao wakazi wengi wa jiji wameanza kuuona kuwa ni mzaha mtupu.

Baadhi ya utani ulizaliwa katika misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita nchi ya Wazaramo kuelekea pwani. Mpagazi aliyeugua njiani alihitaji mwenyeji wa kumuuguza, na akifa, wa kumzika. Utani mwingine ulitokana na vita: Wangoni ni watani wa baadhi ya makabila waliyopigana nayo.

Ajabu yake, msomaji, ni kwamba haukufuata dini. Mzaramo Mwislamu anaweza kuwa na mtani Mnyamwezi Mkatoliki, naye hawezi kumkwepa siku ya msiba. Mtani ndiye huigiza mwendo wa marehemu, huziba njia ya jeneza mpaka apewe chochote, na huwachekesha wafiwa. Ndiye pia anayetarajiwa kusaidia mazishi. Kumkasirikia ni aibu.

Lakini utani una mpaka. Mtani hutania kabila, chakula na ubahili. Hagusi Kurani wala Biblia. Mpaka huo ulivukwa Mbagala, Oktoba 2012, ubishi wa watoto wawili juu ya Kurani ulipofuatiwa na makanisa kushambuliwa na kuchomwa moto. Februari 2013, huko Buseresere, Geita, mchungaji mmoja aliuawa katika mzozo wa nani mwenye haki ya kuchinja. Kwa miaka mingi Wakristo walikuwa wakimwachia Mwislamu kisu ili kila mgeni ale. Heshima tu, wala si sheria iliyoandikwa.

Kamati za amani za viongozi wa dini zina umuhimu wake, ila mara nyingi husikika moto ukishawaka. Mtani yupo tangu awali. Tatizo ni kwamba vijana wengi waliozaliwa mjini hawajui watani wa kabila lao ni akina nani, na misiba ya wenye nacho siku hizi hupikiwa na wapishi wa kukodi. Wazee wa kuwaeleza bado wapo, endapo wazazi watawachukua watoto kwenda nao msibani badala ya kuwaacha mbele ya televisheni.