Mlinzi Mwenye Hadubini

Kila askari aliyepata kusimama zamu ya usiku anajua kwamba mlinzi asemaye "shwari" bila ya kuizunguka kambi yote ni hatari kuliko mlinzi aliyelala. Aliyelala atagunduliwa na mkuu wa zamu. Lakini neno la yule mwingine huaminiwa, na wenzake hulala kwa starehe hali adui yu karibu. Katika maabara ya hospitali yuko mlinzi wa namna hiyo hiyo. Huyo ni mpimaji wa magonjwa, na silaha yake ni hadubini.

Habari hii yahusu mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, na hasa Rumonge, mji wa wavuvi na wakulima wa michikichi ulioko yapata kilomita 70 kusini ya Bujumbura. Bonde la Imbo, linaloandamana na ziwa, lina rutuba na maji mengi. Lakini katika vijito, mifereji na vinamasi vyake huishi konokono wadogo wabebao kichocho cha tumbo. Vijidudu hutoka katika konokono hao, huogelea majini, na kupenya ngozi ya yeyote aingiaye: mkulima wa mpunga, mama afuaye nguo, au askari avukaye kijito akiwa katika doria.

Minyoo ya kichocho hiki hukaa miaka katika mishipa ya damu iliyo karibu na matumbo. Mayai yake mengine hutoka pamoja na choo; mengine hunasa katika ini. Hatimaye ini hukakamaa, tumbo hujaa maji, na mgonjwa aweza kutapika damu. Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Lakini daktari anayengoja jibu la maabara hatatoa dawa ikiwa jibu lasema "hakuna".

Hesabu ya mayai

Kipimo kinachotumika sana kilianzia kwa Kato wa Japani, kikatengenezwa upya na Katz na wenzake huko Brazili mwaka 1972. Choo huchujwa, hujazwa katika tundu la kibao kidogo, kisha hufunikwa kwa selofani iliyolowekwa gliserini, na mayai huhesabiwa kwa hadubini. Kibao cha kawaida huchukua miligramu 41.7 tu, hivyo kila yai moja lionekanalo huhesabiwa kuwa mayai 24 katika gramu moja. Hebu msomaji apige hesabu: katika choo cha gramu 200, hiyo ni sehemu moja katika takriban 4,800. Mwenye minyoo michache aweza kabisa kuambiwa kwamba ni mzima.

Katika miaka ya 1980 Burundi iliendesha mpango wa taifa wa kupambana na kichocho. Miongoni mwa waliofanya kazi humo walikuwa madaktari wawili wa Kibelgiji, Bruno Gryseels na Dirk Engels. Hawakuridhika kugawa dawa na kuandika takwimu. Walikigeukia kipimo chenyewe na kukihoji. Mwaka 1992 Gryseels na Sake de Vlas walionyesha kwa hesabu kwamba idadi ya wagonjwa ilikuwa ikipunjwa. Mwaka 1996 Engels na Gryseels, pamoja na E. Sinzinkayo, walieleza jinsi mayai ya mtu yule yule yanavyopanda na kushuka siku hata siku. Mwaka uliofuata uchunguzi mwingine wa Engels na wenzake ulionyesha kwamba hata uzito wa choo kinachojazwa katika kibao si sawa kila mara.

Kazi ya namna hiyo haina tarumbeta. Ni kuhesabu, kurudia, na kukiri kosa. Hata hivyo Engels alikuja kuongoza, kuanzia mwaka 2014, idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia maradhi ya tropiki yaliyosahauliwa. Naye Gryseels aliongoza kwa miaka mingi Taasisi ya Maradhi ya Tropiki ya Antwerp.

Nidhamu ya maabara

Moyo huo umeenea. Mwaka 2009, mjini Kigali, ulizinduliwa utaratibu wa kukagua maabara za Afrika na kuzipa nyota, tangu sifuri hadi tano. Wakaguzi hutazama kumbukumbu, usafi wa vyombo, na kama mpimaji wa pili huzirudia kazi za wa kwanza. Mwaka 2012 Burundi ilijiunga na mradi wa mtandao wa maabara za Afrika Mashariki.

Lakini mpimaji hodari hawezi kuyashinda makosa ya apimwaye. Askari aliyekuwa akiingia majini apeleke choo chake mwenyewe, wala asiazime cha mwenzake ili amalize upesi. Amweleze daktari ni maji gani aliyavuka. Akiambiwa arudi kesho na kesho kutwa, arudi bila kunung'unika. Na dalili zikizidi baada ya jibu la "hakuna", ana haki ya kuomba apimwe tena.

Kambini, neno "shwari" hutamkwa baada ya kuzunguka ua wote. Maabarani pia, neno "hakuna" lapasa kutamkwa baada ya kutafuta kweli kweli.